Mlango wa Pili wa Chumba cha Kompyuta

Lupepo,
26 Januari 2025

Mdogo wangu Geresoni,

Ugonile, umeamkaje, gwe mtu wa Dodoma? Hapa nyumbani sote tumeamka, na hilo ni la kushukuru. Goti la Mama limeanza tena kumsumbua tangu baridi ilipozidi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza nani atamenya ndizi. Tata, baba yako huyo, anaendelea na vita yake na mbuzi wa jirani wanaokula migomba. Ng'ombe amezaa dume. Mama alitaka jike, kwa hiyo ndama hana jina mpaka leo. Wote wanakusalimu wewe, wifi na mtoto.

Najua utashangaa kuletewa bahasha na kondakta wa basi katika zama hizi. Nimechoka na simu yako. Nikipiga unanong'ona, "Dada, niko kikaoni." Nikikuandikia ujumbe naona tiki mbili za bluu, halafu kimya wiki nzima. Karatasi angalau utaifungua ukiwa umekaa.

Sasa nisikilize. Chumba chetu cha kompyuta kimekamilika tangu Oktoba. Unajua kilivyojengwa. Mzee Hosea, mwenyekiti wa bodi yetu ya shule, alitoa kipande cha shamba lake kinachopakana na uwanja, halafu akazunguka vitongoji vyote mpaka watu wakatoka majumbani. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni, vijana wakafyatua matofali, hata wachuma chai waliopanga huku walikuja Jumapili baada ya ibada. Tuliambiwa kazi ni ya watu watatu: wananchi wajenge chumba, halmashauri ivute umeme na kutengeneza meza, na mradi wenu ulete kompyuta ishirini. Wananchi tukamaliza. Halmashauri nayo, baada ya mimi kukaa kwenye korido zao pale Tukuyu mpaka walinzi wakanizoea, ikatafuta fungu kwenye mapato yake ya ndani na meza zikaja. Novemba wakaja wakaguzi wenu, wakapima, wakapiga picha, wakanywa chai yetu.

Juzi mimi, mkuu wa shule mzima, nimeitwa na afisa elimu. Ananisomea kwamba shule yetu imekwama kwa sababu haina mwalimu wa kompyuta. Geresoni! Ikupa ni nani basi? Ikupa amesomea kompyuta chuo kikuu, anafundisha kwa laptop yake mwenyewe, darasa zima linachungulia kioo kimoja. Ameolewa hapa hapa, na kijana wa Mzee Hosea, hana mpango wa kwenda popote. Inakuwaje mtu kama huyo asionekane?

Wazazi wananisimamisha kila nikitoka kanisani. Huu ni mwaka wa uchaguzi, kila anayepita na kipaza sauti anaahidi kompyuta, na mimi niliyeahidi kabla yao sasa naonekana mwongo wa kwanza. Nimewaambia kidato cha nne kwamba watashika kompyuta kwa mikono yao kabla ya mtihani wa mwisho. Sina raha. Niambie nani amekosea na tunazipataje.

Dada yako,
Esnath


Dodoma,
15 Februari 2025

Dada Esnath,

Shikamoo. Barua nimeipata. Kondakta alinipigia mara kadhaa kabla sijaenda stendi, naomba radhi. Huku sisi wazima, ila joto linatumaliza, natamani hata robo ya ukungu wenu. Mtoto ameanza darasa la kwanza na amejifunza kuniuliza kwa nini hana picha hata moja na babu yake. Mpe Mama pole ya goti. Huyo ndama mwiteni Dume, naye ana haki yake.

Kuhusu jambo lako, ofisini kwetu mtu hashiki jalada la shule ya kwao. Kila mtu hapa anajua nimezaliwa Lupepo. Wakisikia tu nimeulizia, watasema kompyuta za serikali zinapelekwa kwa dada na shangazi. Kwa hiyo ninachokuandikia hapa ni kile ambacho mkuu wa shule yeyote angeambiwa akiuliza.

Masharti ni yale yale nchi nzima. Chumba kiwe na mlango mmoja tu, wa chuma, na nondo madirishani, kwa sababu kuna shule zilipelekewa kompyuta na kabla ya muhula kwisha zikaonekana zinauzwa mnadani. Siku ya ukaguzi, mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi na mwalimu wa kompyuta wakae pamoja ndani ya chumba hicho. Mwalimu afundishe kipindi kifupi, mwenyekiti ashuhudie, halafu watatu wasaini hapo hapo. Hilo liliwekwa kwa sababu shule nyingine zilikuwa zinaazima mwalimu wa jirani kwa siku moja.

Wakaguzi wanasema walingoja kwenu asubuhi nzima. Mwenyekiti alikuwepo, wewe ulikuwepo, mwalimu hakutokea. Walipouliza yuko wapi, mlitazamana. Dada, ulikuwa umekaa humo ndani. Kwa nini hukusema neno?

Muda upo, lakini unakimbia. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Shule itakayokuwa haijapita ukaguzi siku hiyo, kompyuta zake zinakwenda kwa shule ya akiba, na iliyowekwa nyuma yenu iko mkoa mwingine kabisa. Zikiondoka hazirudi. Omba ukaguzi wa marudio kupitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, na uombe mapema.

Mdogo wako,
Geresoni


Lupepo,
2 Machi 2025

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama kwa hasira. Salamu kwanza, tusije tukaonekana hatukulelewa. Mama goti limepungua. Tata sasa ndiye anayekohoa, na hataki kuambiwa kwamba anakohoa. Mvua imeikata barabara pale konani, kwa hiyo barua hii inaanza safari kwa bodaboda. Ndama anaitwa Dume. Umeshinda.

Unaniuliza kwa nini sikusema neno. We Geresoni, Dodoma imekufanya nini kichwani? Ikupa ni mke wa mtoto wa Mzee Hosea. Mwanamke anaingiaje chumba alimo baba mkwe wake?

Najua pale Tukuyu mjini siku hizi wapo wanaokaa meza moja na wakwe zao na kupakuliana mchuzi. Nyumba ya Mzee Hosea si hizo. Tangu aolewe, Ikupa akimwona mzee anakuja njiani, anaingia shambani mpaka apite. Mzee naye akisikia yupo jikoni anakohoa kwa mbali ili ajue anakuja. Hawajawahi kusemezana hata siku moja. Jina la mzee halitaji, ikibidi anasema "mwenyekiti." Na wanaheshimiana, usifikiri vingine. Chakula anachokula mzee kila siku kinapikwa na Ikupa, na sijasikia mmoja akimlalamikia mwenzake.

Siku ile tulikuwa tumepanga vizuri. Mzee awapokee wageni, atoke. Ikupa aingie, afundishe, atoke. Mzee arudi asaini, kwisha. Kumbe karatasi yenu inataka wakae pamoja! Mzee aliinuka mara mbili aondoke, na yule kijana wenu wa miwani akamshika mkono, "Mwenyekiti, usituache, wewe ndiye shahidi wetu." Ukamjibu nini mtu kama huyo? Mzee akakaa, kofia ameibana magotini, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Ikupa alikuwa nyuma ya jiko la shule, laptop ameifunika kwa kanga, mvua inampiga, anangoja mzee atoke. Alilowa mpaka nikamwonea huruma. Na mlango wenyewe ni mmoja, angepita wapi?

Ningesema mimi? Nisimame mbele ya wageni niseme mzee wetu hawezi kukaa chumba kimoja na mke wa mwanawe, na wao wana kalamu mkononi? Wangecheka, wangeandika ushamba, na mimi ningekuwa nimemvua mzee nguo mbele ya watu. Nilinyamaza, na siku nyingine ningenyamaza tena.

Ila nina swali langu, na hili ulijibu. Hilo sharti la watu watatu ndani ya chumba cha mlango mmoja, nani aliliandika? Wewe uko kwenye ofisi hiyo tangu mradi unaanza. Mtu aliyelelewa kwenye nyumba ya Tata anaandikaje sharti kama lile bila kukumbuka kwao?

Esnath


Dodoma,
6 Aprili 2025

Dada, shikamoo.

Nimechelewa, nilikuwa safarini mikoa ya magharibi. Dawa ya Tata nimeiweka kwenye kifurushi pamoja na barua hii. Mwambie ni kijiko kimoja kimoja, asiimalize chupa siku moja kama ile nyingine. Mtoto mzima, wifi yako mzima.

Nimelifikiria jambo lenu na ninaona njia mbili. Mzee Hosea anaweza kupumzika uenyekiti mpaka Juni, achaguliwe mwingine asiye na undugu na mwalimu. Kama hilo ni zito, basi siku ya ukaguzi mumlete mwalimu wa kompyuta kutoka shule ya Mpuguso, akae, afundishe, asaini, arudi kwao. Ni nusu siku tu.

Kuhusu swali lako la mwisho, masharti huandikwa na kamati.

Na nyumba ya Tata usinikumbushe, tafadhali. Mke wangu alilia kutoka stendi ya Tukuyu mpaka tunaingia Iringa.

Geresoni


Lupepo,
21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka

Mdogo wangu Geresoni,

Pasaka imepita vizuri, kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alipika ndizi na nyama, akaweka sahani yako pembeni, kisha akampa mtoto wa jirani. Tata ameimaliza dawa kwa siku mbili. Tunamwangalia.

Kumbe mnaazima mwalimu kwa siku moja ruksa, ilimradi ushauri utoke Dodoma? Ndiyo udanganyifu wenyewe uliouandikia sharti, eti kamati. Kamati ina mikono? Siazimi mtu. Ikupa yupo na anafundisha.

Mzee Hosea hakungoja ushauri wako. Kwenye mkutano wa wazazi alisimama akasema anajiuzulu ili watoto wapate kompyuta. Watu walipiga kelele mpaka akaketi. Wanasema aliyewatoa watu majumbani kubeba mchanga hawezi kuondolewa siku ya kula matunda. Nami nakubaliana nao, shamba ni lake lile.

Lakini siku mbili baadaye Ikupa akaja ofisini na barua. Anaomba kuhamia Mpuguso. "Madam, mimi ndiye kikwazo," akasema, na hakuniangalia usoni. Nikamwambia wewe ukiondoka mimi hizo kompyuta nazipeleka wapi, nipandie maua? Hatukucheka. Barua yake ninayo, sijaipitisha, na kila nikifungua mkoba naiona. Nimekuwa natembea tu, Geresoni. Nazunguka lile jengo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Watoto wakiniona wananipisha.

Umemtaja wifi, basi na mimi nimtaje. Alikuja kwetu mara ya kwanza na moyo mweupe. Akampelekea Tata chai, akavuta kigoda akaketi karibu naye apige soga, kwao ndivyo heshima ilivyo. Tata akaacha chai, akatoka kwenda migombani, na hakurudi mpaka mlipoaga. Wifi akadhani amechukiwa. Hakuchukiwa, jamani! Tata alikuwa anamheshimu kwa namna aliyofundishwa. Wewe ulikuwa katikati yao, unajua ya huku na ya kule, ulikuwa na safari nzima ya basi ya kumweleza mwenzio, na hukusema. Tangu siku hiyo hamji. Kwa hiyo usinihoji mimi juu ya kunyamaza.

Nimeshaamua. Alhamisi fundi Jairo anakuja na nyundo. Tunatoboa ukuta wa nyuma, tunaweka mlango wa pili.

Dada yako


Dodoma,
13 Mei 2025

Dada Esnath,

Shikamoo. USIVUNJE UKUTA.

Barua yako ilikaa stendi muda mrefu, kondakta wetu kabadilishwa basi, nimeipata leo. Nimekupigia simu tangu asubuhi inaita tu. Nimempigia Mama, anasema uko shuleni. Mlango wa pili unawaondoa kabisa. Hakuna ukaguzi wa marudio kwa chumba chenye milango miwili, hata kukisogelea hawakisogelei. Kama Jairo bado hajaanza, mrudishe kwao. Kama ameanza, azibe.

Nakuomba sana, dada yangu. Nipe muda kidogo, kuna jambo nataka kujaribu huku.

Geresoni


Lupepo,
15 Mei 2025

Mdogo wangu,

Juzi niliona umenipigia mara nyingi. Sikupokea, nilijua utakachosema.

Ukuta ulivunjwa Alhamisi ile ile niliyokutajia. Tundu tunalo, mlango hatuna. Tumeziba kwa turubai la kuanikia maharage na upepo unalipeperusha, mvua inaingia mpaka kwenye meza za halmashauri. Wazazi wamegawanyika. Wapo walionijia juu, "Madam, tumebeba mchanga kwa vichwa vyetu, wewe unabomoa?" Afisa elimu ametaka maelezo ya maandishi, kwa nini mkuu wa shule ameharibu jengo la umma. Wananong'ona kwamba nitavuliwa ukuu. Sijamwambia Mama, nawe usimwambie.

Nikuambie kitu kimoja halafu nikaendelee kuhangaika. Jumatatu tulijaribu. Mzee Hosea aliingia ndani kwa mlango wa mbele, Ikupa akasimama nje ya tundu la nyuma. Mzee akakohoa, akatoka mbele, Ikupa akaingia nyuma. Kama maji, Geresoni. Hakuna aliyeaibika. Nikajua nimefanya sawa, hata wakinifukuza.

Esnath


Dodoma,
8 Juni 2025

Dada Esnath,

Shikamoo. Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma mara nyingi, ile sehemu ya turubai na ile ya mzee kukohoa.

Wiki hii kulikuwa na kikao cha kufunga orodha. Shule yenu ilitajwa, ikaandikwa haikupita, wakaenda kwa inayofuata. Nikanyoosha mkono. Nikasema hapo ni kwetu, na kwamba siku ya ukaguzi mwalimu alikuwepo, alikuwa amesimama mvuani. Nikaeleza habari ya mkwe, yote, mpaka nikajikuta nimeeleza na chai ya wifi yako. Nilidhani watacheka.

Mkuu wetu wa mradi akaweka kalamu chini. Akasema kwao ni mama mkwe na mume wa binti yake, na kwamba mwaka jana kwenye msiba alikula amesimama nyuma ya nyumba, yeye na suti yake, ili asionane na mkwewe. Mwingine akasema kwao hivi, mwingine kwao vile. Dada, watu wote wale tumekaa ofisi moja tukiandika masharti, na kila mmoja kwao ana mlango wake!

Sharti la kukaa pamoja limeondolewa. Shahidi atashuhudia kutoka popote anapoweza kuona au kusikia. Mlango wa pili unaruhusiwa ukiwa wa chuma na komeo liwe la ndani. Wakikuta turubai, basi tena, hata mimi sitawatetea. Aliyeliandika lile sharti la kwanza ndiye aliyelifuta, kwa kalamu yake.

Wakaguzi watafika tarehe 24. Mimi sitakuwa nao. Baada ya kusema niliyoyasema, nimetolewa kwenye kila kitu kinachohusu mkoa wetu, na ni haki. Tafuta huo mlango.

Jana nilimweleza mke wangu kwa nini Tata aliondoka siku ile. Akaniuliza kwa nini nimengoja mpaka leo.

Mdogo wako,
Geresoni


Lupepo,
20 Julai 2025

Mdogo wangu Geresoni,

Ugonile. Mama anacheza ngoma na goti lake lile lile, Tata kikohozi kimekwisha. Dume amekuwa mkubwa na mkorofi, amerithi tabia ya aliyempa jina. Matokeo najua umeyasikia, lakini hukuyaona kwa macho, kwa hiyo kaa vizuri.

Mlango wa chuma ulichomelewa Tukuyu. Wale wale wazazi waliokuwa wananijia juu ndio waliochanga vyuma, mmoja katoa geti la zamani la zizi, mwingine mabaki ya nondo. Ukaja juu ya lori la chai siku moja kabla ya ukaguzi. Jairo aliupaka rangi ya kijani asubuhi ile ile, nikamwambia haitakauka, akasema itakauka. Mkaguzi mmoja aliondoka na kijani kwenye suruali.

Yule kijana wa miwani alirudi. Mara hii Mzee Hosea alipoinuka hakumshika mkono, alimfungulia mlango. Mzee akatoka, akazunguka, akaketi kwenye benchi la nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Ikupa akaingia kwa mlango wake. Kidato cha nne walikuwa kambini hapa shuleni wakati wa likizo, wakajaa. Mwanzoni alifundisha kwa sauti ya chini mpaka mkaguzi akamwambia hasikii. Akalitazama dirisha. Halafu akapandisha sauti, na Geresoni, mimi ninayefanya naye kazi sikujua ana sauti ile! Alieleza, akatania watoto, wakacheka, akawarudisha kwenye somo. Nikachungulia nje. Mzee alikuwa amevua kofia, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Miaka yote anakula chakula cha mikono yake, hajawahi kusikia maneno yake. Kipindi kilipoisha akasaini karatasi juu ya goti, akaniambia kwa Kinyakyusa, taratibu, kwamba mwanawe anajua kufundisha. Alisema mwanawe, hakusema mkwe. Nililia pale pale mbele ya wageni na sikujificha.

Kompyuta zilishushwa Jumamosi tarehe 28. Afisa elimu alikuja kupiga picha nazo, na habari ya maelezo ya maandishi haikutajwa tena. Ikupa alikuja ofisini kuomba barua yake ya uhamisho. Nilimpa, akawashia jiko la chai ya walimu.

Sasa sikia vituko. Mzee Hosea anataka kujifunza. Jumamosi Ikupa anaacha mashine moja imewashwa, maelekezo ameyaandika ubaoni, anatoka kwa mlango wake. Mzee anakohoa, anaingia kwa wake, na miwani yake na kidole chake kimoja. Jumatatu ya kwanza Ikupa alikuta kwenye kioo, na shukrani ya Kinyakyusa mwishoni: "mwalimu herufi kubwa inatokaje. na mtoto homa imepoa. ndaga fijo." Akamjibu chini yake. Jumamosi iliyofuata mzee alikaa humo mpaka tukaenda kumwita kula. Wanaandikiana, watu ambao hawajawahi kusemezana! Si kazi yangu kusoma wanachoandikiana, ingawa nachungulia.

Jumapili iliyopita Tata naye alikuja shuleni baada ya ibada, akasema amekuja kuona hizo kompyuta. Hakuziona. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akatoka nje akaingia.

Jana nimetoka kazini namkuta Jairo nyumbani na futi kamba yake, anapima ukuta wa sebule, upande wa migomba. Nikamwuliza Tata, kuna nini tena hapa? Naye akaniuliza kama wifi anapenda chai ya maziwa au ya rangi, maana ile aliyomletea hakuionja, hajui ilikuwa ipi. Nikamwambia mpigie mwanao umwulize. Akasema wewe huwa uko kikaoni, niandike.

Njooni Desemba, na mtoto. Rangi itakuwa imekauka.

Dada yako,
Esnath